Maziwa ya soya yanakatika kwenye chai: nakosea wapi?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina mgahawa mdogo wa chai na vitafunwa huku Mbagala, Dar es Salaam. Wateja wengine hawapatani na maziwa ya ng'ombe, wengine wanafunga Kwaresima, basi nikaanza kutengeneza maziwa ya soya. Naloweka usiku, nasaga kwa blenda, nachuja, nachemsha. Yanabaki na harufu ya maharage mabichi, na nikiyatia kwenye kahawa au chai ya tangawizi yanakatika. Maji natumia ya kisima. Wiki hii nimemwaga ndoo mbili, mtaji unaisha.

JIBU: Pole sana dada kwa hasara hiyo. Soya yako haina ubaya.

Mimi nashuku maji kwanza. Visima vingi vya pwani vina chumvichumvi, na maji magumu hubeba kalsiamu na magnesiamu. Watengeneza tofu, ile jibini laini ya soya ya China na Japani, hutia madini hayohayo makusudi ili protini igande. Kwa hiyo wewe unaanza kugandisha tofu ndani ya chai bila kujua! Kuchemsha hakuondoi chumvi hiyo yote. Kesho pika sufuria mbili ndogo, moja kwa maji ya kisima, nyingine kwa maji ya mvua au ya dukani, soya ileile na majani yaleyale. Sufuria zitakujibu kabla hujanunua chochote.

Kahawa ina kisa kingine. Ina uchachu, pH yake (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi) ni kama 5, na protini ya soya huganda ikikaribia 4.5, joto kali huharakisha. Pasha maziwa kwanza, iache kahawa ipoe kidogo, kisha mimina kahawa polepole juu ya maziwa. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya (enzaimu) kinachovunja protini, hivyo ichemke vizuri na maji kabla maziwa hayajaingia.

Harufu huzaliwa wakati wa kusaga. Punje ikipasuka ndani ya maji baridi, kimeng'enya chake hushambulia mafuta ya soya papo hapo, na harufu ikishatoka, kuchemsha baadaye hakuifuti. Tumbukiza soya uliyoloweka kwenye maji yanayotokota kwa dakika 5, kisha saga kwa maji ya moto. Kilo 1 ya soya kavu kwa lita 8 hivi za maji.

Tafadhali usidanganywe na povu. Soya hufura na kutaka kumwagika kabla haijachemka kweli, na wengi huepua hapo. Punguza moto, koroga, endelea dakika 15 hadi 20, maana soya isiyoiva huvuruga tumbo, na mteja akiumwa harudi.

Kwa joto la Dar, poza sufuria haraka kwenye beseni la maji baridi, weka kwenye friji, na tengeneza ya siku hiyo tu. Machicha yaingie kwenye maandazi siku hiyohiyo. Hapo utaokoa sehemu ya gharama.

Wapo watu ambao soya huwaletea mzio, basi mwambie mteja kilichomo kabla hajanywa. Na siku ukitaka kuyauza kwenye chupa madukani, pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze, halafu uyasajili TBS, Shirika la Viwango, kabla hujachapisha lebo.