"Hauna kemikali": basi una nini?

SWALI: Kwenye pakiti ya unga wa muhogo nimesoma, "Unga asilia, hauna kemikali." Mwenzangu anashikilia kwamba ingeandikwa "makemikali", kwa kuwa ziko nyingi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako amekosea. Kemikali iko ngeli ya I-ZI: kemikali hii imemwagika, kemikali hizi zimemwagika. "Makemikali" ni kukuza kwa dharau, kama "manguo". Neno lenyewe tumelitoa Kiingereza; neno "sumu" tulikwisha kulipata zamani kutoka Kiarabu. Swali limekwisha. Sasa niachieni hiyo pakiti.

Unga usio na kemikali ni pakiti tupu. Wanga ni kemikali, na maji pia. Aliyeandika hivyo alitaka kusema "sumu", neno likamtisha, akaokota lenye harufu ya maabara. Tena kati ya vyakula vyote akaliweka kwenye muhogo!

Muhogo mchungu una linamarini, sukari iliyofungamana na sianidi, sumu kali. Haijapuliziwa na mtu. Ni ya asili kabisa. Katika seli nzima linamarini hukaa ndani ya vakuoli, kifuko cha kuhifadhia, na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) cha kuivunja hukaa kwenye ukuta wa seli, kwa hiyo havikutani. Ukikuna, ukitwanga au ukitafuna, seli zinapasuka, vinakutana, sianidi inatoka.

Ikifika kwenye seli zako, inapenya hadi kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na kung'ang'ania atomu ya chuma iliyo ndani ya sitokromu oksidasi, kimeng'enya kinachokabidhi elektroni kwa oksijeni. Elektroni zinakwama, ATP, nishati ya seli, haitengenezwi. Damu imejaa oksijeni lakini seli haziwezi kuitumia, ndiyo maana damu ya vena, inayorudi moyoni, hubaki nyekundu kama ya ateri, inayotoka moyoni. Sianidi ikiwa kidogo, mwili una njia: kimeng'enya rodanasi huibandika salfa, ikawa thiosianati, ikatoka na mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini. Anayekula ugali wa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, siku nenda siku rudi, bila samaki wala maharage, huishiwa salfa hiyo. Hapo ndipo konzo inapokuja: miguu inakakamaa ghafla na haiponi. Tarime, Tanzania, waliiona mwaka 1985, na Kongo wanaijua tangu zamani.

Je, pakiti ingesema nini cha maana? Ingesema muhogo ulilowekwa kwenye maji siku tatu mpaka ukalainika, ndipo ukakaushwa. Ingesema sianidi haizidi miligramu 10 kwa kilo, kiwango cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula. Na kwa asiyeuamini unga wake, ingemweleza aulowanishe, autandaze kwa unene usiozidi sentimita 1, auache juani kwa muda wa saa mbili au kivulini kwa muda wa saa tano, halafu asonge ugali siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilichosalia humalizia kuivunja linamarini, na hidrojeni sianidi, inayochemka kwenye nyuzi 26 hivi, inapaa. Atumiaye maji ya moto hukiua kimeng'enya, linamarini ikabaki nzima. Anayeurundika unga huifungia gesi ndani.

Wapenzi wa "bila kemikali" nawaongezea hili. Hospitalini, aliyekunywa sianidi anaweza kupewa haidroksokobalamini. Atomu yake ya kobalti huidaka sianidi, na dawa inageuka sianokobalamini, yaani vitamini B12, ileile iliyomo kwenye vidonge vingi vya dukani. Sianidi imo humohumo, imeshikwa tu. Sumu ni suala la nini kimeshika nini, na kwa kiasi gani. Neno "kemikali" halikuambii lolote kati ya hayo.

Mkulima akisema "nimepiga kemikali", namwacha. Anamaanisha kiuatilifu, kijiji kizima kinamwelewa, na shamba haliwezi kusubiri kamusi. Mfungashaji simwachii. Kama unga wake ni salama, aandike "hauna sumu", na pembeni aweke tarehe aliyoupima na kipimo alichopata.