Santuri ya Artie Shaw: nimruhusu fundi aondoe makelele?

Swali: Marehemu mjomba wangu, aliyesoma New York, aliniachia santuri ya Artie Shaw, mpiga klarineti wa jazi wa Marekani, na kundi lake la Gramercy Five, lebo ya Clef. Nimeipeleka studio hapa Dar iingizwe kwenye kompyuta. Sauti imetoka nyembamba, kali, besi hakuna, na inachacharika kama samaki kikaangoni. Fundi anasema santuri imechoka. Ataondoa makelele yote kwa programu ya akili mnemba, anipe MP3. Nimkubalie? (Msomaji, Kinondoni)

Jibu: Usimkubalie. Tena kaichukue santuri yako leo.

Nakuhakikishia kilichochoka si santuri. Ulivyoieleza hiyo sauti, ni pleya iliyochomekwa moja kwa moja kwenye mikisa, pengine tundu la maikrofoni, bila priampu ya santuri. Anayechonga santuri hupunguza besi na kupandisha sauti kali kwa makusudi, besi isije ikapanua mifereo (ile mistari inamopita sindano) ikagongana. Kazi ya priampu ni kurudisha kila kitu mahali pake. Bila hiyo, mchacharo nao unabaki umepandishwa. Yaani fundi wako ametengeneza makelele mwenyewe, sasa anataka umlipe ayaondoe.

Kuna jambo jingine dogo. Kampuni za Marekani zilikubaliana kipimo kimoja cha upandishaji huo, RIAA, mwaka 1954. Kabla ya hapo kila lebo ilikuwa na chake. Muziki wa santuri yako ulirekodiwa miaka hiyohiyo, umeangukia mpakani hapo, kwa hiyo mtu mwenye sikio atajaribu pia kipimo cha zamani cha AES kisha alinganishe. Na ni ya mono, yaani sauti ya chaneli moja: sindano ya maikromita 25 huikalia vizuri kuliko ya stereo, ambayo ni nyembamba zaidi na huzama chini kwenye uchafu. Kama ipo ya stereo tu, achanganye chaneli mbili ziwe moja, na sehemu kubwa ya mchacharo itapungua bila akili mnemba yoyote.

Sasa hili linaloniudhi kila wiki: watu wanadhani makelele ni kama vumbi juu ya meza, unafuta, meza inabaki ileile. Si hivyo. Pumzi ya mpiga klarineti ikipita kwenye mwanzi, kwa kompyuta haina tofauti kubwa na mchacharo wa sahani. Wapigaji nai wa taarab wananielewa. Ukibana sana, pumzi inaondoka, mlio wa juu unaondoka, na klarineti inabaki kama honi iliyofunikwa blanketi. Na hizi si rekodi za kuchezea. Shaw aliyetikisa Marekani kwa "Begin the Beguine" mwaka 1938 alikusanya kundi dogo mwaka 1953, Hank Jones kwenye piano, Tommy Potter kwenye besi, Tal Farlow na Joe Puma wakipokezana gita, wakarekodi kwa gharama yake mwenyewe. Mwaka 1954 akaiweka klarineti chini. Aliishi hadi 2004 bila kuipiga tena jukwaani. Mtu wa namna hiyo unamfutia pumzi?

Ukikutana na fundi anayejisifu, mpe mtihani huu. Programu nyingi za kuondoa makelele zina kitufe cha kusikiliza kile tu kinachotolewa. Mwambie akibonyeze. Ukisikia mchacharo mtupu, sawa. Ukisikia wimbo unaimba kwa mbali, amekata muziki. Wengi hawajui hata kama kitufe hicho kipo.

Dai faili la WAV, lisilobana sauti kama MP3, kHz 96, biti 24, lisiloguswa chochote. Hilo ndilo la kutunza. Nakala iliyosafishwa iwe ya pembeni, ya kusikilizia garini. Na santuri yenyewe usiitupe eti "tayari iko kwenye kompyuta". Isimamishe wima, mbali na jua.

Nasema hivi kwa sababu nimeona mabaya zaidi. Mwaka fulani bibi mmoja aliniletea sahani ya Siti binti Saad, zile za 1928 zilizorekodiwa Bombay. Mjukuu alikuwa ameshauriwa aioshe kwa spiriti. Ushauri huo hauiui santuri ya plastiki kama yako, lakini sahani zile nzito za kasi ya 78 zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu mgumu wa wadudu, na sheleki huyeyuka kwenye spiriti. Alikuja na pamba mkononi, nyeusi tii, akidhani ni uchafu uliotoka. Ilikuwa ni mifereo. Niliweka sindano, nikasikia upepo tu.

Sahani ya sheleki, futa kwa maji safi na kitambaa laini, usiloweshe lebo, ianike kivulini. Mtu akikutajia spiriti, mafuta ya taa au gundi, funga mfuko wako uondoke.