Mahindi ya njano, magugu ya kijani: maswali ya wasomaji

Swali: Habari za kazi, mabwana shamba. Mahindi yangu ya masika yana wiki 5. Majani ya chini yamegeuka njano, ila magugu kati ya mistari yamenona, kijani kibichi. Udongo ni huo huo mmoja. Nimwage urea sasa hivi?
*Msomaji, Chanika*

Jibu: Urea utahitaji, ndugu, lakini jembe litangulie. Kwanza hakikisha shida ni upungufu wa naitrojeni, kirutubisho kinacholetwa na urea. Chuma jani la chini kabisa ulitazame: njano ikianzia nchani na kuteremka kwa kufuata uti wa kati, umbo la V, huku kingo zikibaki kijani, hiyo ndiyo yenyewe. Mmea wenye njaa ya naitrojeni huinyonya kutoka majani makuukuu na kuipeleka kwenye machanga. Kingo zikiungua, shuku potasiamu. Njano ikianzia majani ya juu, chunguza salfa au madini ya chuma.

Magugu yamenona kwa sababu yaliwahi. Mvua za kwanza zikilowesha udongo uliokauka muda mrefu, vijidudu vyake huamka na kuachia naitreti (naitrojeni iliyo tayari kufyonzwa na mizizi) nyingi kwa mkupuo. Wakati huo mahindi bado hayahitaji nyingi. Mahitaji yake hupanda kwa kasi yakikaribia kimo cha goti. Mchicha pori na kishonanguo havisubiri: huota kwa wingi na kufyonza naitrojeni hata zaidi ya vinavyohitaji siku hiyo. Inayosalia, kwenye udongo wa kichanga wa ukanda wetu, mvua kubwa huizamisha chini kusikofikiwa na mizizi. Halafu mahindi yaliyodhoofika hayatoi kivuli, jua linafika chini, na magugu mengine yanaota.

Ukimwaga urea leo, walaji wa kwanza ni hayo magugu. Palilia, kisha yaache yaozee pale pale ili yarudishe yalichokula, maadamu hayajazaa mbegu. Ndago usiiache, ing'oe na vinundu vyake uitoe shambani.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa nafasi ya sm 75 kwa 60, mimea miwili kila shimo, ekari ina mashimo kama 9,000, hivyo mfuko mmoja unatoa gramu 5 na nusu hivi kwa shimo, karibu kifuniko kimoja cha soda. Kwa kichanga tunashauri ugawe: nusu kifuniko sasa, nusu baada ya wiki 2 au 3, kabla ya mbelewele (maua ya kileleni) kutoka. Chimba sm 10 kutoka kwenye shina, kina sm 5, weka urea wakati udongo una unyevu, na uifukie siku hiyo hiyo. Urea ikibaki juu hugeuka amonia na kupotea hewani. Ikigusa shina huliunguza. Majani yaliyokwisha kukauka hayatarudi kijani. Pima mafanikio kwa majani mapya.

Swali: Na kunde nazo niziwekee urea?
*Msomaji, Kigamboni*

Jibu: Hapana. Kunde hutengeneza naitrojeni yake kwa msaada wa bakteria wa mizizini, na kwenye udongo maskini hapo ndipo inapoyashinda magugu. Urea hupunguza kazi ya bakteria hao na kuwalisha wapinzani wake. Chimbua mche mmoja taratibu, upasue vinundu vya mizizi: vikiwa na rangi ya waridi ndani, vinafanya kazi.

Swali: Kiduha kimevamia mahindi yangu. Kila mwaka nang'oa, kila mwaka kinarudi.
*Msomaji, Msongola*

Jibu: Hili gugu linastawi kwenye njaa, mama. Mahindi yakikosa naitrojeni au fosforasi, mizizi yake hutoa kwa wingi zaidi kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha, nacho hujishikiza kwenye mizizi hiyo na kunyonya. Unapokiona juu, hasara kubwa imeshafanyika chini. Kwa hiyo lishe ianze mapema: samadi iliyooza vizuri shimoni wakati wa kupanda, kisha urea kwa utaratibu tuliomweleza msomaji wa Chanika. Samadi mbichi usiiguse, maana huja na mbegu za magugu.

Endelea kung'oa, ila kabla ya maua, kwani mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Badilisha na kunde au ufuta kwa misimu kadhaa: aina nyingi za mazao hayo huamsha mbegu za kiduha zikafa bila kupata pa kujishikiza. Na jembe lililotumika humo lioshwe kabla ya kuingia shamba jingine.