Januari? Anzia Malindi, usianzie Mombasa

Umeuliza tairi gani uweke kwenye baiskeli na hoteli gani ulale. Wacha kwanza hayo. Unasema utatoka Mombasa kwa baiskeli alfajiri, mwezi wa Januari, ulale Malindi siku hiyo hiyo, kilomita kama 120, kwa kuwa "Pwani hakuna mlima". Nani kakwambia? Maana mimi niliambiwa hayo hayo na jamaa mmoja wa kikundi chetu cha baiskeli, kifua mbele, na picha za simu juu: eti saa saba mchana alishaoga Malindi, anakunywa dafu. Alichosahau kusema ni kwamba alikwenda Agosti. Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini, na kusi inakusukuma mgongoni toka Nyali mpaka Malindi. Hata friji ingefika. Januari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki. Upepo huo utaupokea usoni siku nzima.

Asubuhi utadhani nakutisha. Mpaka Mtwapa shida ni matatu za kukubana na tuktuk zinazosimama ghafla, hewa yenyewe imetulia. Ukifika mashamba ya mkonge ya Vipingo, jua limepanda na upepo umeamka, na huna pa kujikinga. Mimi nilipojaribu Januari nilikuwa gia ndogo kabisa, kwenye tambarare! Mzee mmoja kwenye baiskeli ya Black Mamba, gunia la nazi nyuma, akaja upande wa pili akielekea Mombasa. Miguu haizunguki. Akanipungia mkono. Nami nikampungia, pumzi ya kumwamkia sikuwa nayo.

Hayo ni maumivu tu. Hatari iko daraja la Kilifi. Upepo unakupiga toka mbele kulia, upande wa bahari, kwa hiyo bila kujijua unaegemea kulia usije ukasukumwa kwenye vyuma vya ukingo wa daraja. Trela likikupita linaukata ule upepo ghafla, nawe mwili bado umeegemea: unayumba kuelekea magurudumu yake. Likishapita, upepo unarudi na kukutupa kushoto. Niliziona nati za gurudumu zikizunguka usawa wa goti langu. Pale shuka, sukuma. Atakayecheka acheke.

Ningelala Kilifi yangeishia hapo. Lakini mtaalamu wetu alisema Kilifi kwenda mbele "ni kuteleza tu", na chumba cha Malindi nilishakilipia. Nikasonga. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko kushoto, upepo unatoka kulia, kwa hiyo miti yote ile haikusaidii kitu. Giza likanikuta sijafika Gede. Dereva mmoja akanimulika taa kali usoni, sikuona lami ilipomeguka ukingoni, gurudumu la mbele likatumbukia, rimu ikajikunja. Matatu iliyonibeba ilinitoza nauli yangu, nauli ya baiskeli, na nadhani ya upepo pia. Nilipompigia yule jamaa akaniuliza, "Kwani hukuangalia upepo?" Bado yuko kwenye kikundi. Bado anashauri watu!

Majahazi ya Arabuni yalikuwa yakija huku na kaskazi, yakisubiri kusi ndipo yarudi kwao. Mabaharia wale walikuwa na tanga na bado hawakubishana na upepo. Wewe una mapaja. Kwa hiyo geuza safari: pakia baiskeli kwenye basi siku moja kabla, ulale Malindi, uondoke kunapopambazuka, ushuke Mombasa na kaskazi mgongoni. Daraja la Kilifi utalivuka asubuhi bado, na ukijitahidi Mtwapa utapita kabla ya foleni ya jioni. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kushuka. Kutoka Mombasa kwenda Malindi ngoja kusi ikolee, Julai au Agosti. Hujaliweka hilo sawa, usiniulize lingine.

Tairi, weka hizo hizo ulizonazo. Hoteli watakujibu wengine, mimi ya kwangu nililala na viatu na sikumbuki hata rangi ya shuka.