Nina miaka 57 na macho yananiacha: nianzie wapi kwenye kompyuta, na kazi nitapata?

SWALI: Mwalimu, nimetunza stoo zaidi ya miaka 20, kwa madaftari na kadi za bidhaa. Presha ya macho imekula uoni wangu wa pembeni, sasa naona katikati tu, na kazi imeniishia. Nina miaka 57. Wanangu wamenipa laptop na kukuza herufi mpaka maneno mawili yanajaza skrini, lakini nikigusa mausi tu, kile kimshale kinanipotea. Matangazo yote ya kazi yanataka ujuzi wa kompyuta. Nijifunze programu gani, kwa muda gani? Na kwenye maombi niseme kwamba sioni vizuri, au ninyamaze?

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na hizo herufi, maana wanao wamefanya kwa nia njema kitu ambacho kwa ugonjwa wako kinakurudisha nyuma. Presha ya macho, yaani glakoma, kwa kawaida hula pembeni kwanza na kukuachia tundu la kuonea katikati. Aliyeharibika katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ndiye anayefaidika sana na herufi kubwa. Wewe ni kinyume chake: kadiri unavyokuza, ndivyo vinavyoingia tunduni vinavyopungua, na unachoka kutafuta mwanzo wa mstari kabla hujasoma lolote. Rudisha herufi kwenye ukubwa mdogo kabisa unaousoma bila kukunja uso. Kisha jaribu rangi: bonyeza kwa pamoja Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen, kubali swali litakalotokea, na maandishi yatakuwa meupe juu ya weusi. Na matone ya dawa usiyaache. Uoni uliopotea haurudi, dawa inalinda ule uliobaki.

Halafu anza kujifunza kwa masikio, sasa hivi, wakati macho bado yanaweza kukuthibitishia ulichosikia. Wengi wenye uoni mdogo hung'ang'ania kutazama mpaka siku ya mwisho, kisha wanalazimika kujifunza kila kitu gizani kwa mara moja. Mimi siwaungi mkono hata kidogo.

Programu ninayokushauri ni NVDA. Ni kisoma skrini cha Windows: kinatamka kilichopo kwenye skrini, na kinakuambia uko kwenye kitufe gani, kiungo gani au sehemu gani ya kuandika. Kilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana na James Teh, wote wawili wasioona, kwa sababu programu za aina hiyo zilikuwa ghali kupita uwezo wa wengi. Ni bure mpaka leo. Ipo pia JAWS, kongwe zaidi, ya kulipia. Ukikuta mwajiri anayo, utahamia bila shida kubwa, maana amri nyingi zinafanana. Na ukijikuta mbele ya kompyuta ngeni yenye Windows 10 au 11, bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl na Enter pamoja: itaanza kusema yenyewe, kwa kisoma skrini cha Windows kiitwacho Narrator.

NVDA inakuja na sauti ya Kiswahili, ya kiroboti kidogo lakini inasikika. Tatizo ni kwamba menyu zikiwa za Kiingereza, sauti hiyo itazisoma kwa matamshi ya Kiswahili, na utasikia "sa-ve" na "fi-le" mpaka ucheke. Tengeneza mipangilio miwili, mmoja wa sauti ya Kiingereza na mwingine wa Kiswahili, uwe unabadilisha. Chagua sauti nzito badala ya nyembamba, kwa kuwa umri huanza kutuibia sauti za juu. Kasi iwe ya chini mwanzoni. Utaipandisha mwenyewe ukianza kuiona inakuchelewesha.

Mausi iweke kabatini. Kila utakachofanya kitapitia kwenye kibodi, na hapa ndipo ninapotofautiana na madarasa mengi yanayoanza na historia ya kompyuta na majina ya vifaa vya ndani. Tafuta kwa ncha za vidole vitufe vya F na J: kila kimoja kina kipele kidogo kwenye ukingo wake wa chini. Vidole vya shahada vinakaa hapo, na vingine vinapangika vyenyewe. Sasa shikilia Insert ubonyeze 1. NVDA itaingia kwenye hali ya mafunzo: kila kitufe utakachogusa kitatajwa jina, na kama kina kazi maalumu utaambiwa, lakini hakuna kitakachofutika wala kufunguka. Ukibonyeza Insert na 1 tena, unatoka. Mtu mzima anayeogopa kuharibu kompyuta ya mtoto wake hupumua hapo. Tembea kibodini hivyo mpaka mikono iache kutapatapa. Kitufe kimoja tu nakuomba ukikariri siku ya kwanza: Ctrl, kinachoinyamazisha sauti papo hapo inapokuzidi.

Ukishaweza kuandika barua fupi, kuihifadhi na kuikuta ulipoiweka, nenda kwenye tovuti. Usisikilize ukurasa wote toka juu mpaka chini, hakuna anayefanya hivyo. Bonyeza H uruke kutoka kichwa cha habari kimoja hadi kingine, K kwa viungo, F kwa sehemu za fomu, B kwa vitufe. Ukitaka kuandika ndani ya fomu bonyeza Enter. Ukisikia herufi zako zinakurusha huku na huko badala ya kuandikika, bado uko kwenye hali ya kusoma, na Insert pamoja na kitufe cha nafasi itakubadilishia.

Muda? Saa moja kila siku inashinda siku nzima ya Jumamosi, na sitakutajia idadi ya miezi kwa sababu inategemea kama uliwahi kupiga taipu na kama una wa kumuuliza ukikwama. Mwanao anaweza kuwa huyo. Mwambie awashe kionyeshi cha matamshi kwenye NVDA, ataona kwa maandishi unachosikia, lakini asikushike mkono wala kukubonyezea.

Halafu Excel, programu ya majedwali, mama, maana huko ndiko kwenye riziki yako. Ukifungua jedwali la stoo, ukatembea kwa mishale, NVDA itasema "1200, D14", yaani safu D, mstari wa 14. Sawa, lakini 1200 ni nini: kilichoingia, kilichotoka, au salio? Nenda kwenye kisanduku cha kwanza cha ule mstari wa juu wenye majina ya safu, bonyeza Insert, Shift na C. Kuanzia hapo, ukihamia safu ya salio utasikia "Salio" kabla ya namba. Ukihifadhi faili, mpangilio huo unabaki humo. Kisha andika kanuni: salio lililopita, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka. Ulikuwa unaifanya kichwani kila jioni. Sasa unaiandika mara moja na kuinakili chini.

Kwenye kutafuta kazi ndipo naona watu wazima wakijiuza kwa bei ya chini. Wanamaliza mafunzo, wanaandika wasifu unaoanza na "nimejifunza kompyuta ya msingi", na miaka 20 ya kazi inasukumwa ukurasa wa pili. Wewe ni mtunza stoo anayetumia kompyuta. Andika hivyo mstari wa kwanza, kisha taja mambo yanayohesabika: ulisimamia bidhaa za aina ngapi, ulihesabu stoo mara ngapi kwa mwaka, upotevu ulikuwaje. Nitakuwa mkweli: kazi ya kuzunguka kwenye rafu ukisoma lebo itakuwa ngumu. Lakini kulinganisha ankara na hati za kupokelea mizigo, kufuatilia wasambazaji kwa simu, kuandaa ripoti ya bidhaa zinazokaribia kuisha, hizo zote unazifanya ukiwa umekaa na visikizio. Lenga huko. Wapo watakaokusukuma kwenye kupokea simu tu kwa sababu huoni vizuri. Kubali ukiitaka, si kwa sababu wameshakuamulia.

Wasifu uwe wa safu moja, bila majedwali wala visanduku vya mapambo. Ukitaka kujua kama fonti imebadilika katikati, weka kishale hapo ubonyeze Insert na F: utatajiwa aina ya fonti na ukubwa wake. Mwaka wa kuzaliwa si lazima kama tangazo halikuuliza. Miezi uliyokaa nyumbani ieleze kwa mstari mmoja: matibabu na mafunzo ya kompyuta. Kisha mtu anayeona autupie jicho mara moja kabla haujaondoka.

Mitego ya maombi ya mtandaoni ni mingi. Fomu nyingine hufunga zenyewe ukichelewa, kwa hiyo majibu marefu yaandike kwanza kwenye Notepad, programu ndogo ya kuandikia iliyomo kwenye Windows, uyanakili baadaye. Ukikuta sehemu ya kuandika isiyo na jina, rudi juu kwa mshale usome maandishi yanayoitangulia. Tangazo la PDF likiwa kimya kabisa, huenda ni picha ya karatasi: bonyeza Insert na R, NVDA itajaribu kuyatambua maandishi. Kuna pia Be My Eyes, inayokuunganisha kwa video ya simu na mtu wa kujitolea akusomee. Inasaidia sana, ila usimwonyeshe kitambulisho wala neno lako la siri. Na anayetaka umtumie pesa ndipo akupe kazi, huyo ni tapeli.

Kuhusu kusema au kunyamaza: kwenye wasifu nyamaza, isipokuwa tangazo lenyewe linawaita watu wenye ulemavu. Ukiitwa kwenye usaili, sema mapema, kwa barua pepe fupi, na useme kwa lugha ya kazi: "Natumia programu inayosoma skrini. Naomba mtihani uwe kwenye kompyuta badala ya karatasi." Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 27, unazitaka nchi zilizouridhia zihakikishe mtu anapata marekebisho ya namna hiyo kazini, na nyingi zimeliweka jambo hilo kwenye sheria zao za ajira. Usianze na kifungu lakini. Anza na ombi, kifungu kikae mkobani.

NVDA inaweza kukaa kwenye flashi na kuendeshwa kutoka humo bila kusakinishwa. Omba ruhusa kwa mtu wao wa kompyuta kabla ya siku yenyewe, kwa sababu ofisi nyingi zinafungia flashi. Na wakikuuliza kama una swali, uliza wanatumia mfumo gani wa stoo, na kama unaweza kuujaribu dakika tano. Mifumo mingine ya ofisini haisomeki kabisa kwa kisoma skrini, na ni afadhali ujue kabla hujasaini mkataba. Ukikuta hausomeki, uliza kama unatoa taarifa zake kwenda Excel. Mingi inatoa, na huko unajua pa kushika.