Ndege wa mistari miwili mitatu, mimi naona ndo kazi ngumu

Mwenzangu ulouliza hawa ndege wanaochorwa kwa mistari miwili mitatu tu wana nini hasa hata watu wawatundike ukutani, ati hata mtoto wa nasari angewachora, hebu nikwambie ninavoona mimi manake kazi yangu ni rangi na brashi, naandika mabango hapa Mombasa na ndege nawachora sana.

Jioni nenda Tudor kando ya maji uwatizame yangeyange wakirudi kulala. Kwa mbali huoni jicho wala manyoya, waona weupe tu, mbawa zapiga polepole, miguu imenyooka nyuma na shingo kaikunja. Heroe yeye akiruka shingo huinyoosha yote mbele. Basi mstari mmoja tu wa shingo ushamjua ni nani, ukiusogeza kidogo kawa ndege mwengine. Hata kunguru wetu huyu wa shingo ya kijivu mimi huanzia mdomo, ule mdomo mnene uloinama kwa juu, ukiukosa hata ujaze manyoya kutwa nzima hatoki kunguru.

Kuna mchongaji mmoja wa Romania alokuwa akiishi Paris, Constantin Brancusi. Alianza na ndege aitwae Maiastra, huyo bado ana mdomo na miguu, akawa apunguza, apunguza, kufika 1923 kabaki na umbo moja refu jembamba, katikati limevimba kidogo, bawa hata moja hana, akamwita Ndege Angani. Alichokitaka ni kule kuruka kwenyewe. Mmoja wa shaba alipofika New York 1926 watu wa forodha wakasema hii si sanaa, ni bidhaa ya chuma tu, ushuru asilimia 40! Kesi ikaenda mpaka 1928 Brancusi akashinda, kwa hivo swali lako hata mahakama ya Marekani ishawahi kulijibu.

Kama wapenda rangi zaidi tafuta ndege wa Georges Braque, mchoraji wa Kifaransa, kwenye dari ya Louvre, lile jumba la makumbusho la Paris, wa 1953, weusi, ukingo mweupe, nyuma buluu. Hao ndo niwapendao mimi kushinda wote, ni wazito lakini wallahi wanaruka.

Na ukitaka kununua ya kwako, ziba mstari mmoja kwa kidole. Ndege akiwa bado yupo vilevile basi ule mstari ulikuwa wa bure, na picha za hivo zimejaa madukani, hizo ziache.