Wi-Fi haionekani, diski D haipokei kitu: tuanze na lipi kwenye Linux Mint?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Nilinunua laptopu ya HP iliyotumika, nikaweka Linux Mint (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta) kando ya Windows 10. Wi-Fi haionekani kabisa. Nikaunganisha intaneti ya simu kwa waya ili nisasishe programu, umeme ukakatika katikati, na betri haikai na chaji. Tangu hapo kila ninachotaka kuweka kinakataliwa. Diski D yenye mitihani ya wanafunzi inafunguka, ila siwezi kuhifadhi kitu ndani yake. Tena nikirudi Windows, saa inakuwa nyuma kwa saa tatu. Kijana wa stationery anasema nifomati nipige Windows upya. Nifuate ushauri huo?

Jibu: Nzuri, mwalimu. Hapana, usifomati. Matatizo yako ni manne na kila moja lina chanzo chake, na yote yanarekebishika bila kufuta hata faili moja. Ukifomati bila uangalifu unaweza kupoteza mitihani yote, wakati Wi-Fi yako huenda inasubiri draiva moja tu, yaani programu inayoiendesha kadi ya Wi-Fi. Kwa kuwa D inakubali kusomwa, chukua flashi, nakili mitihani kwanza, ndipo uguse kingine chochote.

Kinachokukwamisha zaidi ni mpangilio wa kazi. Wi-Fi inataka draiva, na draiva haiwekeki kwa sababu lile sasisho halikumalizika. Basi tunaanza pale umeme ulipokatika.

Linux Mint huweka programu kwa kutumia chombo kiitwacho dpkg, ambacho huandika kila hatua inayofikia. Umeme ukikatika, baadhi ya vifurushi (mafungu ya mafaili ya programu) hubaki vimefunguliwa lakini havijapangwa, na dpkg hukataa kupokea kipya mpaka vile vya mwanzo vimalizike. Nina hakika ulipokataliwa ulionyeshwa ujumbe wa Kiingereza, na mara nyingi ujumbe huo huwa hivi: *dpkg was interrupted, you must manually run 'sudo dpkg --configure -a'*. Tazama vizuri: dawa imeandikwa ndani ya ujumbe wenyewe. Wanaoanza Linux wengi hufunga dirisha la kosa kabla ya kulisoma, kisha huhangaika kutafuta jibu kwingine. Lisome mpaka mwisho, na ulipige picha kwa simu kabla hujalifunga.

Subiri wakati umeme umetulia, au azima UPS (kifaa cha umeme wa akiba), maana kwa betri hiyo hatutaki tatizo hilo likukute mara ya pili. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T, uandike amri hizi moja baada ya nyingine:

`sudo dpkg --configure -a`

`sudo apt install -f`

Utaombwa nenosiri. Ukiandika hutaona herufi kwenye skrini, bali nyota tu au pengine usione kitu. Kibodi ni nzima, hivyo ndivyo terminali inavyoficha nenosiri. Andika, bonyeza Enter.

Ukiambiwa *Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend*, ujue kuna programu nyingine inayoweka au kusasisha vitu wakati huohuo, mara nyingi ni ile ya masasisho. Ifunge, au isubiri imalize. Mtandaoni utakutana na watu wanaokuambia ulifute faili hilo la lock (kufuli) kwa `rm`. Usikubali. Likifutwa wakati kazi inaendelea, programu mbili zinaweza kuandika kumbukumbu za dpkg kwa pamoja na kuziharibu, na hapo tutakuwa na kazi kubwa kuliko hii. Na ikitokea siku moja mashine isiwake baada ya sasisho kukatika, kwenye menyu ya mwanzo chagua *Advanced options*, kisha kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani kidogo. Mint haifuti ile ya awali kila inapopokea mpya.

Sasa Wi-Fi. Kabla ya kutafuta draiva, iulize mashine yenyewe ina kadi gani:

`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Tafuta mstari wenye neno *Network* au *Wireless*. Mwishoni mwake kuna namba mbili ndani ya mabano ya mraba. Ya kwanza inataja mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. Chini yake, ukiona *Kernel driver in use*, kuna draiva iliyopakiwa, kwa hiyo mara nyingi tatizo liko kwingine. Mstari huo usipokuwepo, kadi imeonekana ila haina wa kuiendesha. Kadi za Intel kwa kawaida huendeshwa na Linux bila kuongeza kitu. Zinazosumbua sana kwenye laptopu za namna hii ni za Broadcom, kama 14e4:4365, kwa sababu draiva yake haimo ndani ya kerneli.

Unganisha tena simu kwa waya, fungua *Driver Manager* kwenye menyu ya Mint, iache itafute, chagua draiva ya Broadcom uiweke. Masasisho mengine yaache kwanza. Yanaweza kufika mamia ya megabaiti, na bando lako tunalihitaji kwa draiva.

Hapa wengi huanguka bila kujua. Kama Secure Boot (ulinzi unaozuia mashine kupakia programu isiyoaminika) imewashwa, wakati wa kuweka draiva utaombwa utunge nenosiri la muda. Ukiwasha upya, inatokea skrini ya bluu yenye maneno *Perform MOK management*, nayo hukaa sekunde chache tu. Bonyeza kitufe chochote, chagua *Enroll MOK*, *Continue*, *Yes*, kisha andika lile nenosiri. Ikikupita, draiva itakuwepo kwenye diski lakini kerneli itakataa kuipakia, nawe utadhani umefanya kazi bure. Njia nyingine ni kuzima Secure Boot kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), ambayo kwa HP hufunguliwa kwa F10 wakati wa kuwasha.

Draiva ikiwepo na Wi-Fi bado kimya, andika `rfkill list`. Ukiona *Hard blocked: yes*, imezimwa kwa kitufe cha mashine; tafuta kile chenye alama ya eropleni au mnara. *Soft blocked: yes* huondoka kwa `sudo rfkill unblock wifi`.

Kuhusu diski D, anayeizuia ni Windows. Tangu Windows 8, ukibonyeza *Shut down* mashine haizimiki kikamilifu: sehemu ya mfumo hulazwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kipengele hicho huitwa Fast Startup. Linux ikikuta diski katika hali hiyo huifungua kwa kusoma tu, kwa sababu kuandika humo kungeweza kuvuruga mafaili ambayo Windows inaamini bado inayashika. Ingia Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, kisha zima kabisa. Ukirudi Mint, D itapokea mitihani. Kama bado inakataa, rudi Windows uikague diski kwa `chkdsk D: /f`, maana yawezekana umeme uliiacha na kasoro.

Saa ni jambo dogo. Linux huiweka saa ya ndani ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama saa ya mahali ulipo, na Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC. Ndiyo hizo saa tatu zako. Ukiwa Mint andika:

`timedatectl set-local-rtc 1`

Mint inaweza kukuonya kuhusu nchi zinazobadili saa majira ya joto na baridi. Sisi hatubadili, kwa hiyo endelea. Lakini ukiona tarehe imerudi nyuma kwa miaka, hilo ni la betri ndogo ya ubao mama, nyingi zikiwa CR2032, na fundi wa mtaani atakubadilishia.

Ukifuata mpangilio huu na Wi-Fi ikagoma, niandikie tena ukiweka majibu yote ya `lspci -nnk` na `rfkill list` kama yalivyotoka, bila kuyafupisha. Nikiona namba ya kadi nitakuambia draiva yake kwa jina.